Mtalii wa Mikono Mfukoni

Muhuri ulibaki hewani.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo walionilaani. Haya, turudi dirisha namba nne. Afisa wa uhamiaji, yule ambaye kwa kupenda kanuni tumempachika jina la Bwana Kifungu, alikuwa ameshainua muhuri wake. Wino mbichi. Ulibakiza upana wa kidole kimoja kuufikia ukurasa wa pasipoti ya Mzungu. Ndipo alipomuuliza lile swali la mazoea, bila hata kuinua macho.

"Umekuja kufanya nini?"

Mzungu alikuwa ameandikiwa jibu. Neno moja tu. Alilikariri kwenye ndege usiku kucha. Lakini kufika dirishani, ukweli ukamtoka.

"Mimi nakuja kutengeneza mtambo. Hospitali."

Muhuri ukashuka, ila si kwenye pasipoti. Ukalazwa mezani, taratibu, na pasipoti ikafungwa.

Upande wa pili wa kioo, kwenye kundi la wanaopokea wageni, Dada Faili alishuhudia yote hayo. Huyu ndiye katibu wa ofisi ya mganga mkuu. Miaka kumi na tisa kazini hajapoteza karatasi hata moja, ndiyo maana hospitali nzima inamwita hivyo. Na fomu ile ya viza aliijaza yeye. Penye madhumuni ya safari aliandika kwa herufi kubwa: UTALII.

Bwana Kifungu akamwita kwa kidole. Dada Faili akapita mlango wa pembeni, mkoba kifuani.

"Fomu hii nani kaijaza, dada?"

"Mimi, afande."

"Umeandika utalii."

"Ndiyo."

"Yeye anasema mtambo."

"Huyu mtu ni mkweli kupita kiasi, afande. Ndiyo kasoro yake."

Bwana Kifungu hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo, kola imenyooka, na mkononi ana kijitabu cha kanuni chenye jalada la kijani, kurasa zimekunjwa ncha kila baada ya tatu.

"Mambo mengine yote yako sawa," alisema, kana kwamba hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Pasipoti ina zaidi ya miezi sita. Tiketi ya kurudi anayo. Mahali pa kulala pameonyeshwa. Kadi ya chanjo anayo. Hata kidole chake nimehangaika nacho. Kioo cha alama za vidole kimekikataa mara mbili, vidole vimesagika kwa kazi, nimelazimika kukishika mwenyewe ndipo kikasoma. Nimemhangaikia mtu huyu. Kumbe mnanidanganya."

"Nilituma maombi ya viza ya biashara kwanza," Dada Faili alisema. "Yakarudi, kwamba barua ya mwaliko haina muhuri wa wizara. Nikaenda wizarani. Mwenye muhuri yuko semina. Nikarudi kesho yake, semina imeongezwa siku. Nikarudi tena, karejea, lakini ufunguo wa droo anao msaidizi wake, na msaidizi naye sasa kaenda semina. Na hata ningeupata huo muhuri, viza yenyewe inachukua siku saba za kazi. Ya utalii, afande, ilitoka kabla chai yangu haijapoa."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

Nyuma yao foleni ya wageni ilianza kunung'unika. Mzungu mwingine mwenye kofia kubwa alikuwa akilalamika kwamba amerudishwa mara ya pili kwa kukosa tiketi ya kurudi. Mfagiaji aliyekuwa akipitisha dekio hapo akaguna, "Sisi tukienda kwao tunaulizwa mpaka akiba ya benki. Waache nao waonje." Siku nyingine Dada Faili angecheka mpaka machozi. Siku hiyo alitamani kumnyang'anya dekio.

Msomaji uliyechelewa kuingia, nikudokeze. Hospitali ile ina mashine tano za kusafisha damu za watu ambao figo zao zimegoma. Mashine ni nzima. Mbovu ni mtambo mmoja wa nyuma, ule unaochuja maji yanayotumiwa na hizo mashine. Umeme ulipiga, kadi ya mtambo ikaungua. Waliotengeneza mtambo huo hawautengenezi tena, na kadi ya akiba iliyobaki duniani ilikuwa kwenye banda la fundi mmoja mstaafu huko Ulaya, yule aliyekuja kuufunga miaka minane iliyopita. Ndiye huyu Mzungu. Wagonjwa ni kumi na wanne. Hospitali ya jirani iliwaangalia, ikasema imejaa.

Na mmoja wa hao kumi na wanne ni mama yake Dada Faili. Alishakosa zamu mbili. Asubuhi ile daktari alimvuta Dada Faili pembeni akamwambia waziwazi: mwisho leo jioni, baada ya hapo moyo wa mama hautahimili.

"Atarudi na ndege ileile, saa kumi," alisema Bwana Kifungu.

"Afande, mama yangu kavimba miguu mpaka viatu havimwingii."

"Pole sana, dada. Nasema kweli, pole. Lakini mwaka jana nililegea mara moja, mara moja tu, nikakaa miezi sita ghala la mizigo nikihesabu masanduku. Mimi sitaki mtu afe. Nataka karatasi ziwe sawa. Na usithubutu kufungua huo mkoba. Ukinipa chochote, tunalala ndani wote wawili."

Dada Faili alikuwa hajafikiria hata kidogo kufungua mkoba, na hilo nalo likamchoma. Akauma meno. Akamtazama Mzungu, aliyesimama katikati yao akitabasamu kwa wasiwasi. Akakitazama kijitabu cha kijani. Halafu wazo likamjia.

"Afande, mtalii anaruhusiwa kutembelea wapi?"

"Mahali popote pa umma pasipokatazwa."

"Hospitali ni ya umma?"

Bwana Kifungu akafunua kurasa. Akasoma, akarudia kusoma.

"Hospitali ni ya umma," alikubali, kwa uchungu wa mtu aliyeng'olewa jino.

"Basi mgeni wangu ni mtalii. Amekuja kutazama hospitali. Kuna watu wanapenda milima, yeye anapenda mitambo."

Kisha, msomaji, muhuri ukashuka. Safari hii kwenye ukurasa.

Dada Faili hakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Nisikilize," alisema Bwana Kifungu. "Kifungu cha tisa. Mtalii asifanye kazi yoyote, yenye malipo au isiyo na malipo. Akigusa hata skrubu, amefanya kazi. Anapanda ndege ya saa kumi, na wewe unaandika maelezo kituoni. Mfuko wake wa vifaa unabaki hapa."

"Sawa. Nani atakayekuwa anamtazama?"

"Mimi. Zamu yangu inakwisha saa nne. Nakuja naye."

Kwenye mfuko wa vifaa kulikuwa na soksi moja nene, na ndani ya soksi kuna kitu bapa. Bwana Kifungu akakitoa. Kadi ya mtambo.

"Hii nini?"

"Zawadi," Dada Faili akawahi. "Ya fundi wetu. Ni marafiki wa zamani."

Kurasa zikafunuliwa tena. Dada Faili akasikia anataka kupiga kelele mpaka vioo vya uwanja vidondoke.

"Zawadi moja kwa mgeni mmoja inaruhusiwa," alisema Bwana Kifungu, akairudisha kwenye soksi, soksi akamkabidhi Dada Faili.

*

Saa sita na nusu gari la hospitali liliwashusha nyuma ya wodi. Saa nzima na nusu njiani, kwa sababu Bwana Kifungu alimtaka dereva afuate kila kibao cha mwendo.

Koridoni wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mama yake Dada Faili alikuwa benchi la mbele, kaegemea ukuta, miguu peku juu ya kipande cha boksi. Uso umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Dada Faili alimwinamia.

"Shikamoo mama. Amekuja."

"Marahaba mwanangu. Mbona anakuja na polisi?"

"Si polisi mama. Usijali. Tulia."

Chumba cha mtambo kilikuwa na joto la jikoni. Matangi mawili, mabomba, na kabati la chuma lenye kioo kidogo kilichozimika. Mbele yake alisimama Mzee Spana, fundi wa hospitali, ovaroli imepauka magotini. Kumwona Mzungu, akafungua mikono.

"Rafiki. Umezeeka vibaya."

"Wewe pia," Mzungu akajibu. Kiswahili chake chote alikiokota kwenye chumba hiki, miaka minane nyuma, kutoka kwa mzee huyu. Alijua kusema lete, shika, kaza, legeza, bado kidogo, na matusi mawili.

Akataka kumkumbatia, akasita, akamgeukia Bwana Kifungu.

"Kusalimiana kunaruhusiwa," alisema afisa.

Wakapeana mikono, wakatikisana sana, wakaachana. Mzungu akatia mikono mfukoni. Bwana Kifungu akavuta kigoda, akaketi, akafungua daftari.

"Haya, Mzee," alisema Mzungu. "Fungua mfuniko. Skrubu nne."

Mzee Spana akachukua bisibisi.

"Simameni," alisema Bwana Kifungu.

Wote wakamgeukia.

"Kifungu cha tisa, kifungu kidogo cha pili. Nilikuwa sijakisoma mpaka mwisho. Kazi ni pamoja na kutoa ushauri wa kitaalamu. Hawezi kumwambia afanye nini."

Hapo Dada Faili akaishiwa. Alikuwa amechoka, msomaji. Amechoka na fomu, amechoka na mihuri, amechoka na semina, amechoka na mtu huyu na kola yake. Miaka kumi na tisa amepanga karatasi za watu kwa tarehe na kwa herufi, akiamini kwamba karatasi ikikaa mahali pake mtu anapona. Leo karatasi zote ziko mahali pake na mama yake anakufa benchi la mbele.

"Afande," alisema. "Asishike, hajashika. Sasa asiseme. Na kupumua je? Kifungu gani kinahusu kupumua? Niambie nikamwambie mama asubiri, tunasoma."

Bwana Kifungu alitazama sakafu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Aliyesema ni Mzee Spana, polepole, huku akifuta bisibisi kwenye ovaroli.

"Nikuulize, afande. Mtu akisimulia mambo yake ya zamani, tuseme yaliyompata safari ile ya kwanza, hiyo nayo ni kazi?"

"Kusimulia?"

"Stori tu. Mgeni anasimulia wenyeji wake."

Kijitabu kikafunguliwa. Safari hii Bwana Kifungu alisoma haraka, na ungemwangalia vizuri ungeona anatafuta kwa bidii asikipate.

"Stori haimo," alisema.

Mzee Spana akamwelekea Mzungu. "Rafiki, hebu tukumbushe. Ile siku ya kwanza ulifanyaje?"

Mzungu alikuwa mkweli, lakini hakuwa mjinga. Akaegemea ukuta, mikono mfukoni, akatazama dari.

"Siku ile," alianza, "mimi nafungua mfuniko. Skrubu nne."

Mzee Spana akafungua skrubu nne.

"Mimi nazima swichi nyekundu kwanza. Mimi si mwehu."

Mzee Spana, ambaye alikuwa ameisahau swichi nyekundu, akaizima.

"Mimi natoa kadi. Inakataa. Nasema tusi."

Mzee Spana akalisema lile tusi, na kadi iliyoungua ikatoka. Ilikuwa nyeusi, inanuka. Dada Faili akamkabidhi Mzee Spana ile soksi ya zawadi.

Hadithi ikaendelea hivyo. Ilikuwa hadithi ndefu na mbaya, yenye waya wa bluu na waya wa njano, na mahali pamoja msimulizi alikosea akarudi nyuma, na msikilizaji naye akafungua alichokuwa amekwisha kufunga. Bwana Kifungu aliandika daftarini. Dada Faili alichungulia, akaona ameandika: Mtalii anasimulia.

Saa nane na dakika arobaini mfuniko ukarudi mahali pake.

"Halafu?" aliuliza Mzee Spana.

"Halafu mimi nawasha. Na inawaka. Na mimi nafurahi."

Swichi nyekundu ikapandishwa. Mtambo ukakohoa, ukatetemeka, kioo kidogo kikawaka. Koridoni mtu akapiga makofi. Dada Faili akafunika uso kwa viganja, machozi yakampita vidoleni.

Kisha Mzee Spana akasoma yaliyoandikwa kwenye kioo, akasoma tena, akamwita.

"Hebu njoo uone. Hii inasema nini?"

Dada Faili akasoma kwa sauti. Fundi aliyesajiliwa aweke kidole. Majaribio matatu.

Mzungu akajipiga paji la uso, kisha haraka akaurudisha mkono mfukoni. Alikuwa amesahau. Kampuni ilikuwa imezifunga kadi zote kwa kidole cha fundi, wasije watu wa barabarani wakazichezea. Kidole chenyewe ni chake. Miaka minane, nani angekumbuka?

Macho yote yakatua kwenye mfuko wa suruali ya Mzungu.

"Hapo ni kugusa," alisema Bwana Kifungu, kwa sauti ndogo. "Mnaniona jamani, lakini hapo ni kugusa. Sina pa kupitia."

Mtambo ulikuwa ukinguruma bure, hautoi tone.

Mlangoni kukasikika mburuzo wa miguu peku. Mama yake Dada Faili alikuwa amesimama, kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anahema.

"Mama, rudi ukae."

"Nimekaa tangu asubuhi. Mwanangu," alimwambia Bwana Kifungu, "nimesikia mmeruhusu watu kusalimiana na mgeni."

"Ndiyo mama."

"Mimi sijamsalimia."

Akajikokota mpaka mbele ya Mzungu, akanyoosha mkono. Mzungu akautoa wake. Mama akaupokea kwa mikono yote miwili, na badala ya kuuachia akaubeba, hatua moja, hatua ya pili, mpaka kwenye kabati la chuma. Akachagua kidole cha shahada, akakibandika kwenye kioo yeye mwenyewe.

"Huyu hajagusa kitu," alisema. "Nimegusa mimi. Mimi si mtalii, nimezaliwa hapa."

Kalamu ya Bwana Kifungu ilisimama juu ya daftari. Haikuandika.

Taa ikawaka nyekundu. Kidole hakitambuliki. Yamebaki majaribio mawili.

Mama akakifuta kidole kwa upindo wa nguo yake, akakipulizia, akakibandika tena, kwa nguvu zaidi.

Nyekundu. Limebaki jaribio moja.

"Ya tatu ikikataa?" aliuliza Dada Faili.

"Inajifunga," alisema Mzungu. "Siku tatu."

Mama hakuwa na siku tatu. Hakuwa hata na usiku mmoja. Alikiangalia kile kidole kiganjani mwake, ngozi imelainika na kung'aa, mistari yote imefutwa na miaka arobaini ya spana, akajua kwamba yeye hawezi.

Dada Faili alikuwa amekwisha kugeuka. Hakumtazama Mzungu wala mtambo. Alimtazama mtu wa kigoda, kwa sababu humo chumbani, na pengine dunia nzima siku hiyo, alikuwapo mmoja tu aliyewahi kukifanya kidole hicho kisomeke. Na Bwana Kifungu alilijua hilo kabla yake.

"Pale uwanjani," alisema, bila kumtazama yeyote, "kilisoma nilipokilaza ubavu. Ncha imekwisha, lakini ubavuni bado ana mistari."

"Basi mwonyeshe mama," alisema Dada Faili.

"Siwezi kuonyesha. Unakiviringisha huku unakibana. Ukikosea kidogo tu, imekula kwenu. Na nikikishika mimi, dada, hapo si mama tena aliyegusa. Ni serikali."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano. Mama alianza kuyumba, na Dada Faili akamdaka begani.

Bwana Kifungu akasimama. Akafunga daftari. Akakitoa kijitabu cha kijani mfukoni, akakitazama kama mtu anayeagana na nduguye stendi, akakiweka juu ya kigoda. Akavua kofia ya kazi, akakifunika nayo. Halafu akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja mara mbili.

"Mama," alisema, "niachie huo mkono."

Akakilaza kidole ubavu. Chumba kizima kikaacha kupumua.

Kioo kikaanza kusoma.